Safi na salama

Itigi, mkoani Singida, kama kwingineko Tanzania, neno "maji" hufuatwa na "safi na salama" kwa mkupuo mmoja, hata wengi hudhani ni sifa moja. Ni mbili. Usafi huonekana kwa jicho. Usalama hupimwa maabara. Baadhi ya visima vya mkoa huo vina floraidi: maji yanang'aa, hayanuki, lakini ikizidi miligramu 1.5 kwa lita huharibu meno, hata mifupa, na kuchemsha hakuiondoi. Wanaotoa maji nao hubadilika: mwaka 2005 Serikali ilivunja mkataba wa City Water, kampuni binafsi iliyoendesha huduma ya maji Dar es Salaam. EWURA, mamlaka ya kudhibiti huduma za nishati na maji, ilianza kazi 2006. Lakini kanuni iwe moja: anayeuza maji, awe wa umma au binafsi, akitamka "salama" aambatishe majibu ya maabara.