Plasma, LCD, LED au OLED: Runinga Ipi Inafaa Nyumba za Eastlands?

Watu wetu wa Pwani walio Nairobi wengi wao wamepanga Eastlands: Majengo ya Pumwani, Eastleigh, Shauri Moyo, Kaloleni, Buruburu, Donholm, Umoja na Kayole. Anayepata kazi huanza na kitanda na jiko la gesi, kisha runinga. Wengine huinunua Nairobi wakaisafirisha kwa wazazi Mombasa, Malindi au Lamu. Kwa vyovyote, ni mojawapo ya vitu vya bei kubwa kabisa ndani ya nyumba, na kosa lake hujulikana pesa zikishatoka.

Kosa lenyewe mara nyingi huanzia kwenye jina. Mtaani runinga yoyote bapa huitwa “plasma” au “flati”, na muuzaji akisema “hii ni smart, hii ni 4K”, mnunuzi huona amepata. Ukweli ni kwamba kwa nyumba nyingi za Eastlands mambo matatu yana uzito kuliko jina hilo: ukubwa wa chumba, umeme inaokula, na kama inashika matangazo ya dijitali ya hapa Kenya bila kifaa kingine. Makala haya yanaeleza aina zilizopo, kisha namna ya kuchagua.

Aina za vioo

Plasma. Kioo chake kina vyumba vidogo sana vya gesi vinavyowaka umeme ukipita. Picha zake zilisifiwa kwa weusi wa kweli na kwa kwenda vizuri na mpira. Lakini ni nzito, hutoa joto na hula umeme mwingi. Panasonic iliacha kuzitengeneza mwishoni mwa 2013, na Samsung na LG zikafuata mwaka uliofuata. Kwa hiyo plasma yoyote unayouziwa leo ni kuukuu, hata ikisuguliwa ikang'aa, na vipuri vyake ni vya kutafutwa kwa tochi.

LCD. Kioo hiki hakiwaki chenyewe. Kina kimiminika maalumu kinachofungua na kuziba mwanga unaotoka nyuma. LCD za zamani zilipata mwanga huo kwenye mirija myembamba kama ya taa za florisenti. Nazo pia siku hizi utazikuta kwa mitumba.

LED. Watu wengi hudhani hii ni teknolojia tofauti kabisa. Ni LCD ileile, ila mirija imeondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na taa ndogo za LED. Ndiyo maana ni nyembamba, nyepesi na hula umeme kidogo. Runinga mpya nyingi zinazouzwa Luthuli Avenue, kwenye majengo ya biashara ya Eastleigh na katika supamaketi ni za aina hii.

QLED. Jina hili lilienezwa na Samsung kuanzia 2017. Ni LED iliyoongezewa tabaka la chembe ndogo sana zinazofanya rangi ziwe kali zaidi. Inafaa sebule yenye mwanga mwingi. Usiichanganye na OLED, ingawa herufi zinakaribiana.

OLED. Hapa kila nukta ya picha huwaka na kuzima yenyewe, hivyo weusi ni weusi kamili. Kwa picha, hii ndiyo bora kati ya zote tulizotaja. Ila bei yake ni ya juu, na picha isiyosogea ikikaa muda mrefu, kama nembo ya kituo cha habari, inaweza kuacha alama ya kudumu. Nyumba ambayo runinga huwashwa asubuhi kwenye kituo kimoja mpaka usiku haifai kujitia gharama hiyo.

Ukubwa: pima chumba kwanza

Inchi za runinga hupimwa kutoka pembe moja ya kioo hadi pembe ya mkabala, wala si upana. Inchi 32 ni kama sentimita 81, inchi 43 ni kama 109, na inchi 55 ni kama 140. Kanuni rahisi ni kukaa umbali wa mara moja na nusu hadi mara mbili na nusu ya kipimo hicho. Hivyo inchi 32 yataka mita 1.2 hadi 2, inchi 43 yataka mita 1.6 hadi 2.7, na inchi 55 yataka mita 2.1 hadi 3.5.

Chumba cha ploti cha futi kumi kwa kumi ni kama mita tatu kwa tatu. Ukitoa kitanda na meza, macho yako yako mita mbili hivi kutoka kioo. Hapo inchi 32 yatosha, na 43 ndiyo mwisho. Sebule za Buruburu au Donholm zinaweza kubeba 43 hadi 55. Kununua 55 kwa chumba kimoja ni kama kukaa safu ya mbele sinemani kila siku: shingo itauma, na kasoro za picha zitaonekana zote.

Hapo ndipo suala la 4K linapoingia. Runinga za inchi 32 nyingi zina nukta 1366 kwa 768, Full HD ina 1920 kwa 1080, na 4K ina 3840 kwa 2160. Matangazo ya vituo vya bure vya Kenya hayarushwi kwa 4K. Utaifaidi 4K ukiwa na intaneti ya kasi na unalipia filamu au michezo ya kiwango hicho. Kwa kioo cha inchi 32 au 43 kinachotazamwa kwa mita mbili na zaidi, macho mengi hayataona tofauti kubwa na Full HD.

Umeme: hesabu ya tokeni

Nyuma ya kila runinga kuna kibandiko chenye wati, herufi W. Zidisha wati kwa saa za kutazama, gawanya kwa 1000, upate yuniti.

Chukua nyumba inayotazama saa tano kwa siku, yaani saa 150 kwa mwezi. LED ya inchi 32 yenye wati 40 itakula yuniti 6. LED ya inchi 43 yenye wati 80 itakula yuniti 12. Plasma ya inchi 42 yenye wati 250 itakula yuniti 37 na nusu.

Tofauti hiyo inauma mara mbili. Tangu Aprili 2023, Kenya Power huwatoza wateja wa nyumbani kwa ngazi: wasiozidi yuniti 30 kwa mwezi hulipa bei nafuu, wa 30 hadi 100 hulipa zaidi, na wanaopita 100 hulipa zaidi tena. Nyumba yenye taa chache, simu na redio inaweza kukaa ngazi ya chini. Ikiingia plasma, peke yake inaivusha nyumba hiyo ngazi ya pili, na kuanzia hapo hata umeme wa taa unanunuliwa kwa bei ya juu. Runinga uliyoipata kwa bei ya kutupa inakulipisha kila mwezi. Kwa wale ambao stima inalipwa na mwenye nyumba ndani ya kodi, jueni kwamba wenye ploti wengi wakiona mita inakimbia, kodi nayo hupanda.

Mawimbi: DVB-T2 ndiyo neno la kuuliza

Mwaka 2015 Kenya iliacha analojia ikahamia dijitali. Wengi mnakumbuka Februari ya mwaka huo, Citizen, NTV, KTN na QTV zilipotoweka hewani kwa majuma kadhaa kwa mzozo wa uhamisho huo. Mfumo uliochaguliwa kwa minara ya ardhini ni DVB-T2. Runinga yenye DVB-T2 ndani yake hushika vituo vya bure kwa antena tu, bila king'amuzi na bila malipo ya mwezi.

Hapa ndipo mitumba ya Uingereza, ile iitwayo ex-UK, huwanasa watu. Umeme wa Uingereza unalingana na wetu na hata plagi ni ileile ya pini tatu za bapa, kwa hiyo itawaka bila taabu. Lakini Uingereza ilianza dijitali kwa mfumo wa zamani wa DVB-T, na DVB-T2 ikaja baadaye kwa vituo vya HD. Runinga ya huko inaweza kuandikwa “digital” kwa haki kabisa, na ikifika Kayole isishike hata kituo kimoja. Si kwamba haifai kitu, kwani king'amuzi kitaifanya ionyeshe. Ila bei ya king'amuzi ijumlishe kabla ya kusema umepata rahisi.

Runinga zilizoletwa kutoka Marekani ziogopeni zaidi. Nyingine ni za volti 110 hadi 120 pekee, nasi hapa tuna 240. Soma kibandiko. Kikiandikwa 100–240V, hakuna neno.

Dukani: jaribu kabla ya kulipa

Muombe muuzaji aiwashe, aunganishe antena, kisha atafute vituo upya kwenye sehemu ya dijitali mbele yako. Vikiingia, DVB-T2 ipo. Kisha tafuta picha nyeupe tupu uangalie madoa, mistari au pembe zenye giza, na picha nyeusi uangalie nukta zinazowaka zisizozima. Iache iwake nusu saa, maana kuna hitilafu zinazojitokeza kifaa kikishapata joto. Jaribu kila tundu la HDMI na la USB. Linganisha namba ya modeli iliyo nyuma ya runinga na iliyo kwenye boksi na kwenye risiti. Kwa runinga mpya iliyoagizwa nje, tafuta kibandiko cha ISM cha KEBS, na waranti iandikwe jina la duka.

Anayenunua kwa malipo ya pole pole ajumlishe malipo yote hadi la mwisho, kisha alinganishe na bei ya taslimu. Mara nyingi miezi michache ya kuweka akiba hukuletea runinga ileile kwa pesa pungufu.

Kuhusu smart, jiulize intaneti itatoka wapi. Saa moja ya filamu ya HD inaweza kula hadi gigabaiti 3. Kama nyumba ina WiFi ya kulipia kwa mwezi, smart ina maana. Kama unategemea bando la simu, nunua runinga ya kawaida iliyo nzuri yenye HDMI. Siku intaneti ikija, utaongeza kifaa kidogo cha kuchomeka.

Ikishafika nyumbani

Umeme wa mitaa yetu hukatika na kurudi kwa kishindo, kwa hiyo nunua na kifaa cha kukinga umeme unaopanda ghafla. Kama nyumba ina watoto, ifunge ukutani, baada ya kumuomba mwenye nyumba ruhusa ya kutoboa. Taa za nyuma za LED zikifa, fundi anaweza kuzibadilisha kwa gharama ya kuvumilika. Kioo chenyewe kikipasuka, gharama yake hukaribia bei ya runinga mpya.

Anayeituma Pwani aisafirishe ikiwa imesimama ndani ya boksi lake, isilazwe wala isiwekewe mzigo juu. Ikifika, isiwekwe dirishani kuelekea baharini, kwani hewa ya chumvi hula viungo vya ndani. Ipanguswe kwa kitambaa kikavu, si kwa maji ya sabuni.

Kwa nyumba ya chumba kimoja au viwili Eastlands, basi, chaguo la salama ni LED mpya ya inchi 32 yenye DVB-T2, au 43 ya Full HD kama sebule inaruhusu. Ex-UK ya LED si mbaya ikipita majaribio yaliyotajwa na bei yake pamoja na king'amuzi ikabaki chini ya mpya. QLED na OLED ni za mwenye nafasi, intaneti na uwezo. Plasma, hata ukipewa bure, ifanyie kwanza hesabu ya tokeni.