Masama Yetu, Tangu 1906 hadi Leo

Masama ilikuwepo kabla ya misheni. Wazee wetu walikuwa wamekwishagawana vihamba, yaani mashamba ya ukoo, wamechimba mifereji ya kuteremsha maji ya Mlima Kilimanjaro hadi migombani, na kila ukoo ulijua zamu yake. Hilo nalitanguliza kwa heshima yao.

Mwaka 1906 Misheni ya Leipzig, iliyokuwa Machame tangu 1893, ilifungua kituo kwetu. Aliyekianzisha ni Bruno Gutmann, mzaliwa wa Dresden, kijana wa miaka 30. Ugonjwa ulimrudisha Ujerumani mapema, na aliporejea alipangiwa Old Moshi, lakini sisi tunamhesabu kuwa wa Masama. Alijifunza kwa wazee mambo ya ukoo, ujirani na rika, akayaheshimu wakati wageni wengi waliyadharau. Kitabu chake kikubwa cha sheria za Wachagga kilitoka 1926.

Mwaka 1920, baada ya vita, Waingereza waliwaondoa wamisionari Wajerumani. Hadi waliporuhusiwa kurudi 1925, sharika za mlimani zilibebwa na walimu wazalendo, wakisaidiwa na Waluteri wa Augustana kutoka Marekani. Walimu hao nawashukuru kuliko wote. Walifundisha kusoma, walihubiri, walizika, na wengi wao hawakuandikwa popote.

Kisha ikaja neema ya kahawa. Wakulima wa mlimani waliunda chama chao 1925, chama cha ushirika cha KNCU kikazaliwa 1933, na mwaka uliofuata kituo cha utafiti wa kahawa kikaanza hapo jirani, Lyamungo. Mibuni chini ya migomba ndiyo iliyotulipia ada na kuezeka nyumba zetu kwa bati.

Yaliyofuata nayataja kwa ufupi: Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) kuundwa 1963, ushirika kuvunjwa 1976 na kurudishwa 1984, bei ya kahawa kushuka baada ya 1989, na taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, kuanzishwa Lyamungo 2001. Leo Masama ni kata kadhaa za Wilaya ya Hai: Mashariki, Magharibi, Kati, Kusini, na huku tambarare Rundugai, penye chemchemi za Chemka zinazopendwa na wageni. Vihamba vimegawanywa hadi vimekuwa vidogo, na vijana wengi wako Dar es Salaam na Arusha. Desemba hurudi, na makanisa hufurika.

Ndugu mnaorudi Krismasi hii: mwenye picha, daftari la ubatizo au jina la mwalimu wa zamani, tafadhali alete usharikani liandikwe wakati wazee wangalipo.