Dawa ya Moto wa Paneli

Moto wa paneli huanza padogo. Skrubu ya terminali inalegea, waya unapata joto pale ulipofungwa, ala yake inalainika kisha inawaka. Breka zimebanana bega kwa bega, kwa hiyo kabati zima laweza kuteketea mlinzi akiwa bado anatafuta ufunguo. Mimi ni fundi wa umeme wa viwandani, na naamini waliotafuta dawa ya moto huu wanastahili kukumbukwa, pamoja na madhara ya dawa zao.

Maji hupitisha umeme, hivyo mafundi wa Marekani mwanzoni mwa karne iliyopita walishika bomba la mkono la Pyrene, lenye kaboni tetrakloridi. Lilizima kweli. Lakini kimiminika hicho kikipata joto kali hutoa fosjini, gesi iliyoua askari katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Humfikiria fundi aliyesimama nayo katika chumba kisicho na dirisha.

Mwaka 1924 kampuni ya Walter Kidde, kwa ombi la kampuni ya simu ya Bell, ikatengeneza mtungi wa hewa ukaa kwa ajili ya moto wa switchibodi za simu. Hauachi unga wala unyevu, na hadi leo nauheshimu. Ila ukijaza chumba hewa ukaa ya kutosha kuzima moto, aliyemo ndani naye hatoki hai.

Tukio ninalowasimulia vijana wangu zaidi ni la Machi 22, 1975, kwenye kinu cha nyuklia cha Browns Ferry, Alabama. Mafundi walikuwa wakiziba matundu ya kebo ukutani kwa sponji ya poliurethani, kisha wanasogeza mshumaa kuona kama hewa bado inapenya. Ilikuwa inapenya. Mwali ukavutwa ndani ya tundu, sponji ikashika, moto ukatokea ng'ambo, katika jengo la mtambo. Wakamwaga hewa ukaa, wakamwaga unga. Moto ukififia unarudi, maana kebo zenyewe zilikuwa bado zinachemka. Mkuu wa zimamoto wa mji wa Athens alishauri maji, wenye kinu wakaogopa. Walipokubali, baada ya takriban saa saba, ukazimika upesi. Kebo zaidi ya 1,600 zilikuwa zimeharibika.

Wakati huo gesi ya haloni 1301 ilikuwa tayari inaenea katika vyumba vya kompyuta. Kiasi kidogo tu hewani, kama asilimia 5, kiliukata mwali bila kumdhuru mtu. Ingekuwa dawa kamili kama bromini yake isingekuwa inakula tabaka la ozoni. Itifaki ya Montreal ya 1987 ndiyo iliyoifungia njia: nchi tajiri ziliacha kuitengeneza mwaka 1994, zetu zikapewa hadi 2010. Mrithi wake, HFC-227ea, haigusi ozoni, lakini hupasha dunia joto zaidi ya mara 3,000 ya hewa ukaa yenye uzito uleule. Gesi za jamii yake ziliwekewa ratiba ya kupunguzwa jirani kwetu, Kigali, Oktoba 2016.

Ndiyo maana naupenda mtungi mdogo unaofungwa ndani ya paneli yenyewe. Mrija wa plastiki wenye shinikizo hupitishwa juu ya breka na kontakta. Penye joto kali kuliko pote mrija unatoboka, na gesi inatokea hapohapo. Hauhitaji umeme wala mtu wa kubonyeza. Na unapolinda kabati badala ya chumba, gesi inayohitajika ni kidogo mno.

Kwetu Pwani, hata hivyo, paneli nyingi zina matundu ya kebo yaliyoachwa wazi, na mijusi hupita humo kama mlangoni kwao. Gesi nayo itatokea humo humo kabla moto haujafa. Kwa hiyo simruhusu mtu afunge mtungi kabla ya kuyaziba matundu kwa nyenzo isiyoshika moto, kukaza kila skrubu, na kuhakikisha mlango unafunga sawasawa. Kisha tunasoma geji ya shinikizo na kuandika kipimo chake kwenye kadi inayoning'inia mlangoni.