Max Aliyeishia Ngazini: Katuni ya 1983 Isiyokamilika

Wahakiki wengi wakikitaja kipande hiki cha katuni hukiweka kwenye historia ya kompyuta tu, kana kwamba hakikutokana na kitabu. Mimi sikubaliani nao.

Mwaka 1963 Maurice Sendak wa Marekani alitoa Where the Wild Things Are, hadithi ya watoto yenye sentensi 10 tu. Mtoto Max, kavaa vazi la mbwamwitu, anafanya fujo. Mama anampeleka kulala bila kula. Chumba kinageuka msitu. Mwaka 1983 John Lasseter na Glen Keane, wakiwa Disney, walijaribu kuifanya katuni. Kampuni ya MAGI, iliyokuwa imeshiriki katika Tron (1982), ilijenga nyumba ndani ya kompyuta, naye Keane akamchora Max na mbwa wake kwa mkono. Macho ya mtazamaji yakawa yanakimbia nyuma ya mtoto mpaka ngazini. Halafu basi! Disney haikuendelea. Lasseter aliondoka, akaja kuongoza Toy Story (1995).

Sasa tazama kitabu. Mbio hizo ni picha moja tu: Max karuka ngazini, uma mkononi. Na ukutani umetundikwa mchoro wa dubwana, aliouchora Max mwenyewe. Fumbo lote liko hapo. Madubwana atakayoyakuta msituni ni yake, kayachora kabla hajasafiri. Tena Sendak anazikuza picha ukurasa kwa ukurasa, hadi zinafukuza maneno kabisa. Kamera inayokimbia inatupa ghasia ya Max, sawa, lakini upweke wake je? Ndiyo maana naona kipande kile kilisoma picha moja, hakikusoma hadithi.

Sisi wa Mpanda hili tunalielewa bila kuchorewa. Katabi, mzimu uliolipa jina Ziwa Katavi, hifadhi ya taifa ya mwaka 1974 na mkoa wetu wa mwaka 2012, husemwa anakaa kwenye mkwaju karibu na ziwa. Watu humpelekea sadaka. Sura yake? Kila msikilizaji anajichorea.

Mwaka 2009 Spike Jonze alimfikisha Max msituni, ila kwa waigizaji waliovaa mavazi ya madubwana. Max wa Keane yuko palepale ngazini, msitu haujaota.