Historia ya Rhino Charge iko pia nyuma ya gari

Wasee, tukiongelea Rhino Charge tunataja madereva na pesa, basi. Mimi leo nataka tuangalie bampa ya nyuma.

Mashindano yalianza 1989, kuchangia ua wa umeme wa kulinda vifaru weusi wa Aberdare. Ua huo, kama kilomita 400 hivi, ulikamilika 2009. Sheria yake ni noma: unafikia vituo, kwa kawaida 13, ndani ya masaa 10, na anayeshinda ni aliyetembea umbali mfupi zaidi. Kwa hivyo korongo huzunguki, unalishuka. Gari ikianza kupanda ng'ambo, bampa ya kiwandani inakwaruza chini na kung'oka.

Ndio maana fundi anakata chuma kizito, anakiinua juu, anakikunja pembeni, kisha anakifunga kwa chesisi. Si kwa bodi! Ukifunga kwa bodi, siku ya kuvutwa kwa matope kamba itaondoka na bampa, gari ibaki.

Dereva ana kombe na picha. Aliyechomelea je? Kila tukisimulia nani alishinda mwaka gani, tuulize pia gari yake ilichomelewa na nani.