Msimu Uliohama

Mama aliandika oda zake kwenye kaunta buku, zile nene zenye jalada gumu. Ninazo nne, kuanzia 1996 hadi 2008, na mpaka leo zinanuka mafuta ya cherehani. Kila mstari una jina la mteja, vipimo, aina ya nguo, bei, na mwishoni neno moja: "kachukua" au "deni". Mwaka jana, mwezi wa sita, nikiwa na mafundi wawili wa kuwalipa na meza isiyo na nguo ya kukata, nilizishusha kutoka juu ya kabati nikitafuta wateja wa zamani wa kuwapigia simu.

Sikupata mteja hata mmoja. Nilichokiona ni kurasa nyeupe. Januari inakula kurasa nane, wakati mwingine kumi. Agosti inaishia katikati ya ukurasa. Nikadhani ni mwaka mmoja uliokuwa mgumu, nikafungua mwingine, na mwingine. Juni hadi Septemba ni hivyo hivyo. Pembeni, kwa mwandiko wake ulioinama, Mama ameandika karibu kila mwaka maneno yale yale: mwaka mbaya. Miaka kumi na mitatu, na ubaya wote umekaa katika miezi ile ile minne.

Ninashona Mwisenge, hapa Musoma. Watanzania wengi wanalijua jina hili kwa sababu ya shule tu. Nyerere alianza darasa hapa mwaka 1934, akiwa na miaka 12, akitokea Butiama. Mimi nalijua kwa sare za watoto: kaptula za khaki, mashati meupe ya tetroni, sketi za bluu zenye marinda. Sare ndizo zinazolipa kodi ya fremu. Kinachonifanya niamke asubuhi ni mikoba na magauni ya vitenge ninayoyabuni mwenyewe na kuyauza kwa simu, mengine yakifika hadi Dar es Salaam. Kwa hiyo niliposoma zile kaunta buku, swali halikuwa la kumbukumbu tu. Nilikuwa ninaelekea kwenye shimo lile lile, kwa miguu yangu, na nilikuwa bado sijajua nani alilichimba.

Jibu lilianzia kwa Babu, baba yake Mama, fundi wa varandani. Enzi hizo fundi hakuwa na fremu. Alikaa na cherehani yake kwenye varanda ya duka la Mhindi. Mteja akinunua kitambaa ndani, anashonewa hapo hapo nje. Babu alikuwa na neno moja la kuupima mwaka, "msimu", na msimu kwake haukuhitaji maelezo. Ulikuwa msimu wa pamba. Mbegu hupandwa mvua za mwisho wa mwaka, pamba huchumwa kiangazi kinapoingia, na kuanzia Juni fedha hushuka vijijini. Mwaka 1955 vyama vya wakulima wa kanda hii viliungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, Paul Bomani akiwa mbele, na ushirika huo ukaja kuwa miongoni mwa mikubwa kabisa Afrika. Mkulima wa Majita au Ikizu aliyelipwa Julai alifunga safari ya Musoma na mke wake, akanunua suruali, gauni, pengine blanketi. Harusi zilisubiri Agosti. Babu alishona kwa taa. Pamba ikishauzwa, masalia hung'olewa na kuchomwa shambani ili funza wasipate pa kujificha, na Babu naye alifungua cherehani, akaisafisha, akaenda nyumbani kulima.

Ndivyo alivyomfundisha Mama. Kiangazi ndiyo msimu. Nunua vitambaa Mei, vikukute tayari.

Sasa tazama mambo yaliyofuata, moja moja, na utaona kwamba hakuna lililotangazwa kama habari ya mafundi cherehani. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana mjini humu humu na kutoa Azimio la Musoma: kila mtoto aliyefikisha umri awe darasani ifikapo 1977, badala ya 1989 iliyokuwa imepangwa awali. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vikavunjwa. Sheria ya kuvirudisha ilikuja 1982, lakini imani na utaratibu havirudi kwa sheria. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kitambaa chenyewe kikaadimika madukani. Biashara ilipofunguliwa katikati ya muongo huo, mitumba ikaingia, na yule mtu mzima aliyekuwa akipimwa suruali kila Julai akaanza kuchagua kwenye rundo sokoni. Mwaka 1994 wanunuzi binafsi wa pamba wakaruhusiwa, na tangu hapo fedha ya pamba huja ikitaka. Mwaka 2019 bei dira ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo, bei nzuri tu kwenye karatasi, na wakulima wengi wakakaa miezi bila kuiona.

Upande wa pili wa kalenda, mambo yalikuwa yakijaa. Mtumba hauna sare ya shule yako. Ada ya shule za msingi ilifutwa 2001, na katika kaunta buku ya Mama Januari 2002 ndiyo nene kuliko zote. Majina yamebanwa hadi juu ya mistari. Mwaka 2016 elimu bila malipo ikapandishwa hadi kidato cha nne. Ada iliondoka, sare ikabaki mikononi mwa mzazi, na mzazi humkumbuka fundi wiki moja kabla shule hazijafunguliwa.

Msimu, kwa maneno mengine, ulihama. Ulitoka Julai ukaenda Januari, taratibu, kwa miaka thelathini hivi, na hakuna aliyemgongea Mama mlango kumwambia.

Mei 2008 alikopa. Siku hizi tunaiita mikopo ya aina ile kausha damu. Wakati ule ilikuwa ni mkopo tu, kutoka kwa mtu mwenye ofisi ndogo na tabasamu kubwa. Alinunua majora manne, akaweka dhamana mashine yake ya ovaloki, akasubiri msimu wa baba yake. Kaunta buku ya mwisho ina oda tisa kwa Julai yote. Mwezi wa tisa walikuja vijana wawili na mkokoteni kuchukua ovaloki. Nilikuwa nimekaa mlangoni nikifanya kazi ya shule. Mama aliwasaidia kuinyanyua, kwa sababu waliishika vibaya na aliogopa wangevunja sindano.

Kwa miaka mingi nilidhani aliponzwa na mkopo. Riba ilikuwa ya kinyama, ni kweli. Lakini angeweza kukopa kiasi kile kile mwezi wa kumi, akashona sare, akalipa Januari, na ovaloki ingekuwa bado nyumbani. Alikopa kwa kufuata kalenda ya mtu mwingine.

Kalenda za watu wengine ni nyingi, na mimi nina zangu. Ninafuatilia wabunifu wa Ulaya na Marekani mtandaoni, na kila ifikapo Juni wanashauriana namna ya kupunguza kasi majira ya joto, duka lifungwe wiki mbili, mtu apumzike. Nilizoea kuyasoma kwa kijicho. Baadaye nikagundua kwamba hata wao wameyarithi. Katika London ya karne ya 17 wenye fedha waliondoka mjini kiangazi kwenda mashambani kwao, na mafundi wa nguo wakabaki bila kazi. Kipindi hicho kiliitwa majira ya matango, kwa kuwa matango ndiyo yaliyokuwa yamejaa sokoni. Watu waliwatania mafundi, lakini jina lenyewe lilikuwa na faida. Jambo lenye jina unaweza kulisubiri. Mama hakuwa na jina la Agosti yake zaidi ya "mwaka mbaya", na mwaka mbaya hauwekewi akiba mapema.

Nilipopeleka malalamiko haya mwalo wa Mwigobero, kwa mzee mmoja anayenunua dagaa, alicheka. "Binti, sisi kiangazi chetu kinakuja kila mwezi." Dagaa huvuliwa usiku kwa kuvutwa na taa, zamani karabai, sasa taa za sola na betri. Mbalamwezi ikitanda, ziwa lote linang'aa, na taa yako haina maana kwa dagaa. Basi mitumbwi inapandishwa ufukweni kwa wiki hivi. Nyavu zinashonwa, hesabu ya giza lililopita inagawanywa, vijana wanakwenda makwao. Hakuna anayesema mwezi umekuwa mbaya. Wanasema ni mbalamwezi.

Nikarudi kwenye kurasa nyeupe nikiwa na swali jipya. Zile oda chache za Juni hadi Septemba zilikuwa za nani? Nyingi zilikuwa suruali za wanaume, kubadilisha zipu, kupunguza mashati, na zilikuja kwa mafungu, kama baada ya kila wiki nne. Nikatafuta tarehe za mwezi mpevu za miaka ile kwenye simu. Mafungu yalikaa humo humo. Wavuvi walikuja kwa Mama wakiwa na hesabu zao mfukoni na siku za kuzitumia, yeye akiwa ameegemea majora ya magauni akisubiri wakulima.

Kwa hiyo mpango wangu wa kiangazi cha mwaka huu ulitoka kwenye daftari zake. Kila sare niliyoshona Desemba hadi Februari ilitoa shilingi 2,000 kwenda kwenye kibubu cha mbao nilichokipigilia misumari, maana najijua. Juni hadi Agosti tunafanya kazi nusu siku. Wiki ya mbalamwezi ni ya matengenezo na suruali, na bango dogo liko mwaloni. Wiki nyingine ninachora na kujaribu mikoba mipya, kwa mabaki ya vitenge, sinunui jora. Septemba, kitambaa cha khaki kinapokuwa bado hakijagombewa, tunaanza kukata kaptula za Januari.

Si wote waliofurahi. Niliwaeleza mafundi wangu mwezi wa pili kwamba nusu siku ina ujira wa nusu siku, na kwamba kibubu kitaongeza kidogo juu yake. Mmoja alikubali. Mwingine ana watoto watatu, akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Dada, mpango ni mzuri, ila watoto hawali nusu siku." Aliondoka Aprili kwenda kushona karibu na stendi. Sina jibu lake, na sijamwona mwenye haki zaidi kati yetu. Wala sijui Januari itadumu hadi lini. Madukani kuna sare zilizoshonwa tayari, zimefungwa kwenye nailoni, na kila mwaka ni nyingi kuliko mwaka uliopita. Ndiyo maana na mimi nimeanza kaunta buku.

Mama alikuja wiki ya pili ya Juni. Alisimama mlangoni, akaona cherehani moja imefunikwa kanga na meza ya kukatia iko tupu.

"Mwaka mbaya, mwanangu?"

"Hapana, Mama. Ni Juni."

Akavua viatu, akaketi, akauliza mkasi mkubwa uko wapi.