Kilo Sita Katika Njia ya Wainka

Ndugu Mhariri ameniandikia mara mbili kunikumbusha ahadi yangu, kwamba nitaandika habari za safari yangu ya Peru kwa ajili ya gazeti hili la kukutana kwetu. Nimechelewa kwa sababu ya shughuli za ofisi, na kwa sababu nyingine ambayo msomaji ataiona huko mbele. Wenzangu wa bweni watanikumbuka kuwa kijana aliyesinzia katika vipindi vya Historia. Ni kweli. Lakini kipo kipindi kimoja ambacho sikusinzia, nami naanzia hapo.

Tulikuwa Kidato cha Pili. Mwalimu aliuliza ni nani aliyegundua Mlima Kilimanjaro, na jibu lililotakiwa lilikuwa Johannes Rebmann, mmisionari, mwaka 1848. Mwenzetu mmoja, ambaye leo ni mtu mwenye cheo na hatapenda nimtaje, akainua mkono akauliza kama babu zetu walikuwa wakiishi mlimani huku wamefumba macho. Darasa zima likaangua kicheko. Mwenzetu yule akafyeka majani nyuma ya jiko wiki nzima. Na mlima wenyewe, ndugu zangu, mnakumbuka kwamba ulikuwa ukionekana dirishani.

Mwaka 2011 nilikuwa Marekani nikisomea shahada ya pili ya uhandisi wa maji, kwa ruhusa ya mwajiri wangu serikalini. Idara yetu ilikuwa na desturi ya kuwapeleka wanafunzi kuona kazi za maji za watu wa kale, na mwaka ule ikawa zamu ya Wainka. Tulikuwa wanafunzi 14 na profesa mmoja. Mjini Cusco tulipokewa na kiongozi wa msafara, mama wa makamo, mzaliwa wa palepale, aliyesomea historia chuo kikuu na ambaye lugha yake ya nyumbani ni Kikechua. Wenzangu walimwita kwa jina lake tu. Mimi ulimi ulikataa, nikamwita Mama, naye akacheka akasema neno hilo hata kwao lipo, na maana yake ni ileile.

Cusco iko meta 3,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa kipimo chetu ni juu kabisa ya Mandara, karibu kufika Horombo, na hapo pana mji mzima wenye masoko, makanisa na msongamano wa magari. Nilikuwa nimejigamba ndani ya ndege kwamba mimi ni mtu wa milimani, baba yangu amebeba mizigo ya watalii Kilimanjaro zaidi ya miaka 20, na kwamba kichwa kitawauma wao, si mimi. Basi usiku wa kwanza aliyetapika nilikuwa mimi. Wakanipa chai ya majani ya koka, ambayo kule ni kinywaji cha kila nyumba, nikapata nafuu.

Siku mbili tulizokaa mjini Mama alizitumia kutufundisha. Wainka waliiita dola yao Tawantinsuyu, yaani pande nne zilizo pamoja, na Cusco ndiyo ilikuwa kitovu. Kwa hesabu iliyozoeleka, upanuzi mkubwa ulianza na mfalme Pachacuti mnamo mwaka 1438. Haikupita miaka 100, dola ikaenea kutoka kusini ya Kolombia ya leo hadi katikati ya Chile. Hawakuwa na chuma. Hawakuwa na gurudumu la kubebea mzigo, wala farasi. Mnyama wao wa mizigo alikuwa lama, naye hachukui zaidi ya kilo 30 hivi. Ukimzidishia hulala chini asiinuke. Hawakuwa na maandishi kama tunavyoyajua, ila kumbukumbu za hesabu zilitunzwa kwa vifundo vya nyuzi viitwavyo kipu. Hata hivyo walijenga barabara zaidi ya kilomita 30,000, ambazo mwaka 2014 UNESCO iliziingiza katika Urithi wa Dunia.

Nguvu ilitoka kwa watu. Kodi haikulipwa kwa fedha, ililipwa kwa zamu ya kazi iliyoitwa mita. Kila kaya ilitoa mtu kwa muda fulani, akachonge mawe, akajenge barabara, akabebe mizigo au akapigane vita. Serikali nayo ilimlisha na kumnywesha wakati wa zamu, na ilijaza maghala ya chakula mlimani kwa ajili ya majeshi na kwa miaka ya njaa. Tuliyaona mabaki ya maghala hayo Ollantaytambo, yamebandikwa kwenye ubavu wa mlima mahali pa upepo ili nafaka isioze. Mmoja wetu akasema ule ulikuwa ujamaa. Mama akasema hapana, ulikuwa ufalme, na watu wengine walihamishwa makwao kwa amri wasirudi tena. Wahispania walipotwaa nchi waliiacha mita iendelee lakini wakaitoa kiini. Kuanzia miaka ya 1570 zamu hiyo ndiyo iliyowapeleka maelfu kwa maelfu kuchimba fedha Potosí, na safari hii hakukuwa na ghala la kuwarudishia kitu.

Kuhusu kuanguka kwa dola hiyo nitasema kwa kifupi. Tarehe 16 Novemba 1532, pale Cajamarca, Francisco Pizarro akiwa na watu wasiofika 170 alimkamata mfalme Atahualpa, na mwaka uliofuata akamwua ingawa dhahabu ya fidia ilikuwa imeletwa. Vitabu hupenda idadi hiyo ya 170. Havisemi kwa sauti ileile kwamba Atahualpa alikuwa ametoka tu kupigana na ndugu yake Huáscar, wala kwamba makabila yaliyotawaliwa na Wainka, kama Wakañari na Wahuanka, yalijiunga na Wahispania kwa maelfu. Mjini Cusco kanisa la Santo Domingo lilijengwa juu ya kuta za Korikancha, hekalu la jua. Mwaka 1950 tetemeko likaliharibu vibaya kanisa hilo na makao ya watawa. Kuta za Wainka zilizokuwa chini hazikutikisika, na nyingine zikaonekana tena baada ya miaka mingi ya kufichwa.

Siku ya tatu tukaanza safari ya miguu. Njia ya Wainka, hiyo wanayoipita watalii, huanzia Kilomita 82 ya reli na kufika Machu Picchu kwa siku nne, mwendo wa kilomita 43 hivi. Serikali ya Peru ilikuwa imeweka kikomo cha watu 500 kwa siku, wapagazi wakiwa ndani ya hesabu hiyo, na kila Februari njia hufungwa ili itengenezwe. Mwaka 2001 ilitungwa pia sheria ya wapagazi, kwamba mtu asibebeshwe zaidi ya kilo 20. Getini pana mizani, na wapagazi hupanga foleni na mizigo yao kama magunia ya kahawa kwenye chama cha ushirika. Mzigo hupimwa mara ya pili mbele kidogo, Wayllabamba.

Sisi 15 tulikuwa na wapagazi zaidi ya 20. Walikuwa wakulima wa vijiji vya juu, wanalima viazi, na msimu wa kiangazi hushuka kubeba. Wengi walivaa ojota, ambazo ni katambuga kabisa za tairi la gari, nami nilipoziona nilijisikia nyumbani. Tofauti niliyoiona ni kwamba wao hufunga mzigo mgongoni kwa kitambaa, ambapo wapagazi wetu hubeba kichwani. Nikawaeleza wenzangu habari za baba yangu kwa kirefu, na Mama akawatafsiria wapagazi. Walifurahi sana, wakaniuliza mlima wetu una urefu gani. Niliposema 5,895 wakaguna.

Sasa nafika kwenye sababu ya kuchelewa kuandika. Siku ya pili ndiyo ngumu, kwani hupandwa hadi mlango wa milima uitwao Warmiwañusqa, meta 4,215. Kichwa kilikuwa kimeanza tena. Baada ya kupita mizani ya pili, ambako palikuwa na askari wa hifadhi na kila kitu kilipimwa sawasawa, nilimwita pembeni mpagazi mmoja, mtu wa umri wa baba yangu mdogo. Nikamwomba kwa ishara anichukulie mkoba wangu wa mgongoni: vitabu, kamera na miguu yake mitatu, chupa za maji. Nikampa noti. Mkoba ulikuwa na kilo sita. Hakusema neno. Aliufunga juu ya mzigo wake, akainama, akaenda.

Jioni mahema yalikuwa yamekwisha simama, chai imekwisha nyweka, na yeye hajafika. Aliingia kambini giza likiwa limeshika, anachechemea kwa sababu ya goti. Ngazi za mawe za kushukia upande wa pili ni ndefu na zina utelezi. Mkuu wa wapagazi aliushika ule mzigo kwa mikono miwili, akauinua kidogo, akajua. Wakazungumza kwa Kikechua. Kisha Mama akaja hemani kwangu, hakuketi.

Akaniuliza, "Si wewe uliyetuambia juzi kwamba baba yako ni mpagazi?"

Nikasema ndiye.

"Na karo yako ya shule ilitoka huko?"

Nikasema ilitoka huko. Akaniwekea mkoba miguuni, akatoka. Kesho yake niliubeba mwenyewe, na ule wa yule mzee wakagawana vijana wawili. Hakuna aliyenitolea maneno. Afadhali wangenitolea.

Siku ya nne alfajiri tuliingia Intipunku, Lango la Jua, na Machu Picchu ikawa chini yetu katika ukungu. Picha mmeziona, sitaeleza uzuri. Nitaeleza maji, maana ndiyo kazi yangu. Mahali pale hunyesha karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na mji umekaa kwenye mgongo mwembamba wa mlima kati ya vilele viwili. Ukijenga ovyo, mvua moja kubwa itaupeleka wote mtoni. Mhandisi Kenneth Wright na wenzake, waliopima mahali hapo, wanakadiria kwamba asilimia 60 ya kazi yote ya ujenzi iko chini ya ardhi, haionekani: misingi, na matabaka ya mawe, kokoto na mchanga chini ya udongo wa matuta, ili maji yazame polepole bila kusukuma ukuta. Kuna matundu ya kutolea maji karibu 130 katika kuta. Maji ya kunywa hutoka kwenye chemchemi ya mlimani, yakaletwa kwa mfereji wa mawe wenye meta 749, yakaanguka katika mabirika 16 yaliyopangwa kama ngazi, la kwanza likiwa kando ya makao ya mfalme. Niliweka kiganja changu chini ya mojawapo. Yanatoka mpaka leo. Mimi nimesimamia mtaro wa saruji uliobomoka mwaka wake wa pili, kwa hiyo nilisimama pale muda mrefu kuliko wenzangu. Niliwaza pia mifongo ya Wachagga, ambayo wazee wetu waliichimba ubavuni mwa mlima bila pima-maji yoyote ya dukani.

Hapo ndipo Mama alipotusimulia habari za ugunduzi. Tarehe 24 Julai 1911, Hiram Bingham, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Yale, alipandishwa pale na mkulima aitwaye Melchor Arteaga kwa malipo ya sol moja. Juu alikuta familia za wakulima wakilima kwenye matuta yaleyale ya Wainka. Walimpa maji baridi na viazi vitamu, na mtoto wa kiume wa hapo akamzungusha kumwonyesha majengo. Ukutani alikuta limeandikwa jina la mkulima mwingine wa bondeni, Agustín Lizárraga, na mwaka 1902. Aliliandika katika daftari lake. Alidhani ameipata Vilcabamba, ngome ya mwisho ya Wainka iliyoanguka mwaka 1572, kumbe siyo. Mtaalamu wa msafara wake aliikagua mifupa ya makaburini akasema karibu yote ni ya wanawake, na hapo ikazaliwa hadithi ya mabikira wa jua, ambayo watalii waliuziwa kwa miaka mingi. Mifupa hiyo ilipochunguzwa upya, wanaume na wanawake walikuwa karibu sawa. Siku hizi wataalamu wengi hupaona kuwa ni makazi ya mapumziko ya Pachacuti, na vipimo vilivyotangazwa mwaka 2021 vinaonyesha watu walikuwapo tangu mnamo 1420. Mwaka 2023 uchunguzi wa nasaba ukaonyesha kwamba waliozikwa pale, watumishi wa mfalme, walitoka pande nyingi za dola, hata kwenye misitu ya Amazoni.

Vitu alivyochukua Bingham vilikaa Yale karibu karne nzima. Vya kwanza vilirudi Peru Machi 2011, miezi michache kabla ya sisi kufika, na vya mwisho mwaka 2012. Sasa viko katika makumbusho mjini Cusco. Nilimweleza Mama kisa cha mwenzetu aliyefyeka majani kwa sababu ya Rebmann. Alicheka, akakitafsiri kwa walinzi wa pale, wakacheka wao pia.

Niliporudi nyumbani nilimpelekea baba picha, naye nikamweleza habari za kilo sita. Hakunikemea. Alivaa miwani, akazipitia picha taratibu, hasa ile ya kundi letu zima mbele ya matuta, sote tumesimama tunacheka.

"Na huyo mzee," akaniuliza, "ni yupi hapa?"

Nikamwambia hayumo. Wapagazi hawaingii mjini. Siku ya nne huteremka alfajiri kuwahi treni ya kurudi makwao.

"Anaitwa nani?"

Sikuwa nimemwuliza.